Mdororo mmoja, ubepari wa aina mbili

Mdororo wa mwaka 2009 ulizikumba nchi zote tajiri, lakini haukuwaumiza watu kwa namna moja. Uchumi wa Ujerumani ulisinyaa kwa zaidi ya asilimia 5 mwaka huo, karibu mara mbili ya ulivyosinyaa wa Marekani. Kwa hesabu hiyo, Wajerumani ndio wangepaswa kujazana kwenye ofisi za ajira. Haikuwa hivyo. Ukosefu wa ajira Ujerumani ulipanda kidogo tu, wakati Marekani uliruka kutoka asilimia 5 mwishoni mwa 2007 hadi asilimia 10 Oktoba 2009.

Tuingie kiwandani tuone. Chukua kiwanda cha vipuri vya mashine, oda zimekatika ghafla. Mwenye kiwanda wa Kijerumani anaanza na akiba ya saa: mafundi waliofanya kazi za ziada miaka ya neema waliwekewa saa zile kwenye akaunti, sasa wanazichukua kama mapumziko ya kulipwa. Zikiisha, anawapunguzia muda wa kazi, na bima ya ajira inawafidia asilimia 60 ya mshahara wa mkononi waliopoteza, au asilimia 67 kwa mwenye mtoto. Utaratibu huu unaitwa Kurzarbeit, yaani kazi ya muda mfupi, na katikati ya 2009 uliwabeba wafanyakazi karibu milioni moja na nusu. Oda ziliporudi, mafundi walikuwa bado wapo, kila mtu na mashine yake.

Mwenzake wa Marekani yuko katika mazingira mengine kabisa. Sheria karibu katika majimbo yote inamruhusu kumwachisha mtu kazi wakati wowote bila kueleza sababu. Wenye hisa wanasubiri matokeo ya robo mwaka. Mfanyakazi mwenyewe ana ujuzi wa jumla, alioupata shuleni au chuoni, na mambo yakitengemaa atapatikana mwingine mwenye ujuzi kama huo. Basi anapunguza watu.

Hakuna kati ya hao wawili aliye mwema kuliko mwenziwe. Wote wanatafuta faida, na kila mmoja anafanya jambo la busara kwa kanuni zilizomzunguka. Hapo ndipo swali langu linapoanzia: kanuni hizo zilitoka wapi, na kwa nini hazifanani, ilhali nchi zote hizi zinajiita za kibepari?

Jibu lililojadiliwa zaidi kwa miaka ishirini na ushei lilitolewa mwaka 2001 na wasomi wawili wa siasa na uchumi, Peter Hall na David Soskice. Walizigawa nchi tajiri katika makundi mawili. Kuna zile ambazo kampuni humaliza mambo yake sokoni, kwa bei na mikataba, kama Marekani na Uingereza. Na kuna zile ambazo kampuni hupatana na vyama vya wafanyakazi, vyama vya waajiri na mabenki, kama Ujerumani, Sweden na Japani. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba kanuni za nchi hushikana kama fito za ukuta. Mwajiri wa Kijerumani anakubali kumfundisha mwanagenzi kwa miaka mitatu au mitatu na nusu, siku tatu au nne za wiki kiwandani na zilizobaki shuleni, kwa sababu mishahara hupangwa kwa sekta nzima, na hivyo jirani yake hawezi kirahisi kumnyang'anya kijana huyo kwa kumwongezea senti kidogo. Kijana naye anakubali kujifunza ufundi usiomfaa nje ya sekta ile, kwa sababu anajua hatatupwa nje kesho. Kampuni ikizidi wafanyakazi 2,000, sheria ya 1976 inawapa nusu ya viti kwenye bodi ya usimamizi, ingawa kura zikifungana mwenyekiti, ambaye kwa kawaida hutoka upande wa wenye mali, ndiye anayeamua.

Ndiyo maana nasikitika kila ninaposikia nchi ikishauriwa iige uanagenzi wa Kijerumani, kana kwamba ni mtaala wa shule. Aliyechomoa ufito mmoja na kuupeleka kwake hana ukuta, ana ufito. Bila makubaliano ya mishahara na bila vyama vya waajiri vinavyowabana wanachama wao, mwajiri anayefundisha anawafundishia washindani wake, na atakuwa mjinga akiendelea.

Upande wa Marekani nao una hoja zake, na nisingependa kuzipita haraka. Urahisi ule ule wa kufukuza ndio urahisi wa kuajiri. Kampuni changa inaweza kukusanya watu mia, ikashindwa, watu wakatawanyika kwenda kuanzisha nyingine, na mtaji ukawafuata. Mfumo wa Kijerumani hodari wake ni kuboresha kidogo kidogo kile kinachojulikana: injini, kemikali, mashine za kutengenezea mashine. Mgawanyo huu hata hivyo usishikiliwe kama amri. Kampuni ya BioNTech, iliyotoa moja ya chanjo za kwanza za UVIKO-19, ilianzishwa mjini Mainz mwaka 2008 kwa fedha za matajiri wa Kijerumani. Ni uvumbuzi mkubwa uliotoka mahali ambapo nadharia ingesema hautoki. Lakini ilipotaka kuuza hisa zake mwaka 2019, ilikwenda kuziuza kwenye soko la hisa la Nasdaq, New York. Tukio moja limezipa pande zote mbili ushahidi.

Na hapo wanaingia wale wasioamini kwamba tofauti hizi zitadumu. Mtaji, wanasema, hauna subira na hauna uraia. Utakwenda kunakolipa zaidi, na serikali zitalegeza masharti moja baada ya nyingine mpaka zote zifanane. Mifano wanayo. Mwaka 2000 kampuni ya Uingereza ya Vodafone iliinunua Mannesmann ya Ujerumani baada ya uongozi wa Mannesmann kupambana kuzuia ununuzi huo, jambo ambalo wengi waliamini haliwezekani katika nchi ile. Miaka miwili baadaye kampuni za Kijerumani ziliruhusiwa kuuza hisa walizoshikiana bila kulipa kodi ya faida, na ule mtandao wa mabenki na viwanda kumilikiana ukaanza kufumuka. Kisha serikali ya Gerhard Schröder, ya chama cha siasa cha Social Democrat chenye mizizi kwa wafanyakazi wenyewe, ikapunguza mafao ya wasio na kazi na kufungua mlango wa ajira za ujira mdogo kati ya 2003 na 2005. Japani, ajira ya maisha, yaani kubaki kampuni moja hadi kustaafu, haikufutwa na mtu yeyote. Ilibaki pale pale kwa waliokuwamo, huku walio nje yake, wa vibarua na mikataba ya muda, wakiongezeka kutoka takriban mmoja kati ya watano mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi zaidi ya mmoja kati ya watatu.

Nakubaliana nao kuhusu yaliyotokea. Sikubaliani nao kuhusu sababu. Kama shinikizo la mtaji lingetosha kueleza kila kitu, sehemu mbili za nchi moja, chini ya sheria moja, zingefanana. Tazama Ujerumani Mashariki, iliyokuwa nchi ya kikomunisti. Tarehe 3 Oktoba 1990 ilipokea mfumo mzima wa Magharibi: mahakama, sheria za kazi, vyama; sarafu ilikuwa imeshapokewa tangu Julai. Shirika la Treuhand lilikabidhiwa kampuni za serikali kama 8,500 zenye wafanyakazi wapatao milioni 4 ili liziuze, lizigawe au lizifunge. Viwanda vingi vilikufa. Vilivyosalia, na vipya vilivyozaliwa, vingi vilikataa kujiunga na vyama vya waajiri, na kwa hiyo mikataba ya sekta haikuwabana. Mpaka leo mfanyakazi wa Mashariki ana nafasi ndogo kuliko wa Magharibi ya kulindwa na mkataba wa pamoja. Sheria ilifika kamili, lakini upande wa wafanyakazi haukuwa na nguvu ya kuwalazimisha waajiri, wala waajiri hawakuwa na sababu ya kujilazimisha.

Kwa maoni yangu hilo ndilo Hall na Soskice walilipunguzia uzito. Fito hazishikani kwa sababu zinafaana tu. Zinashikana kwa sababu kuna watu wanaozishika. Makubaliano ya Saltsjöbaden ya 1938, yaliyowakalisha pamoja waajiri na wafanyakazi wa Sweden, yalikuja baada ya miaka mingi ya migomo na kufungiana milango ya viwanda. Hakuna upande uliokuwa umepata uwezo wa kuumaliza mwingine. Korea Kusini ilijenga ubepari usioingia katika kundi lolote kati ya yale mawili: serikali ya Park Chung-hee, iliyoingia madarakani 1961, ilizishika benki na kuwapa mikopo wenye viwanda walioweza kuuza nje, huku vyama vya wafanyakazi vikikandamizwa.

Wala Marekani yenyewe haikuwa hivi tangu zamani. Sheria ya 1935 iliwapa wafanyakazi haki ya kujadiliana kwa pamoja, na katikati ya miaka ya 1950 karibu theluthi moja yao walikuwa wanachama wa vyama. Leo ni kama mmoja kati ya kumi. Kati ya hapo kuna Agosti 1981, Rais Ronald Reagan alipowafukuza waongozaji wa ndege zaidi ya 11,000 waliogoma, na waajiri binafsi wakaona mlango umefunguliwa. Na mwaka 2009, serikali ya nchi hiyo hiyo ya soko huria ilijikuta inamiliki takriban asilimia 60 ya kampuni ya magari ya General Motors.

Mabadiliko mengine huja yamevaa nguo za ushindi. Januari 2015 Ujerumani ilianza kima cha chini cha mshahara cha kisheria kwa nchi nzima, euro 8.50 kwa saa. Wengi walishangilia, na kwa mfanyakazi wa saluni au wa mgahawa ilikuwa nafuu ya kweli. Lakini zamani vyama vyenyewe havikuitaka sheria hiyo, kwa sababu mishahara ilikuwa kazi yao. Serikali iliingia kwa kuwa mikataba yao ilikuwa imeshindwa kuwafikia watu walewale waliokuwa wakilipwa kidogo kuliko wote.

Sweden hadi sasa haina kima cha chini cha kisheria. Ina mikataba ya pamoja, inayowafikia takriban wafanyakazi tisa kati ya kumi, ingawa mengine mengi yamebadilika huko tangu mgogoro wa miaka ya 1990. Oktoba 2023 mafundi wa karakana za Tesla waligoma kwa sababu kampuni ilikataa kusaini mkataba nao. Walikuwa wachache. Makuli wa bandarini wakakataa kupakua magari ya Tesla, mafundi umeme wakakataa kutengeneza vituo vyake vya kuchajia, na watu wa posta wakakataa kupeleka namba za magari. Kwa sheria za Sweden yote hayo yanaruhusiwa. Kuli wa Marekani akikataa kupakua gari kwa kuwaunga mkono mafundi wa kampuni nyingine, chama chake kitakuwa kimevunja sheria, na hivyo ndivyo ilivyo tangu 1947.