Nyabingi kama Jina la Binti: Nani Mwenye Ruhusa ya Kulirudisha?

Mdogo wangu amejaliwa binti wiki hii, na jina limeshaigawa familia kabla ya akika. Yeye anataka mtoto aitwe Nyabingi. Sisi ni Waswahili wa Kisoro mjini, kusini-magharibi mwa Uganda, watu wa duka la vitenge, na maisha yetu yote yamepita kati ya soko letu na mpaka wa Bunagana. Mkewe ni Mkiga, kabila la milimani upande wa Kabale, alisilimu kabla ya ndoa. Mama yake, bibi wa mtoto, ni Mlokole wa siku nyingi. Alipotajiwa jina hilo kwenye simu alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Mjukuu wangu, hapana." Akakata simu.

Mimi ni shangazi wa mtoto, na kila upande umenijia ukitaka niuunge mkono. Nimeamua kulipima jina lenyewe kwanza, kwa sababu naona pande zote mbili zinagombana juu ya kitu ambacho hakuna aliyekifungua akakitazama ndani.

Maana yake haina ugumu. Kwa Kikiga, "ebintu bingi" ni vitu vingi. Mswahili hahitaji mkalimani hapo, bingi na vingi ni ndugu wa damu. Nya- ya mwanzo ni ya umiliki, nayo iko kwenye majina mengi ya kike ya magharibi mwa Uganda. Kule Bunyoro na Toro pacha wa kike huitwa Nyangoma na Nyakato. Nyabingi basi ni mwenye vingi, mama wa neema nyingi. Liweke kando ya Kebirungi, jina ambalo Wakiga na Wanyankole wanawapa binti zao mpaka leo, lenye maana ya "wa mambo mema", uone kama kuna tofauti kubwa ya maana. Mimi siioni. Lakini Kebirungi wamo katika kila darasa la shule za Kabale, na Nyabingi sijawahi kumsikia akiitwa wakati wa kusoma majina.

Sababu ni kwamba Nyabingi hakuanza kama jina la mtoto. Ni jina la roho. Masimulizi ya asili yake hayafanani: kuna wanaosema alikuwa malkia wa Ndorwa, kuna wanaomtoa Karagwe, aliuawa kwa hila na mumewe, na baada ya kifo chake akaanza kuwapanda watu na kusema kupitia kwao. Ndorwa ya zamani ilikuwa nchi iliyovuka mipaka ya leo ya Uganda na Rwanda. Siku hizi jina hilo limebaki kwa kaunti moja ya wilaya ya Kabale. Waliosema kwa niaba yake waliitwa bagirwa (mmoja wao ni mugirwa), wengi wakiwa wanawake, ingawa wanaume nao walikuwamo. Alikuwa pia na jina la pili, Biheko, lililotoka kwenye kitenzi cha kumbeba mtoto mgongoni. Hilo ndilo lililonigusa kuliko yote. Waliompa jina hilo walikuwa wanamfikiria mama mwenye mbeleko, aliyewabeba watu wote.

Sasa tumsikilize mdogo wangu. Yeye hakulipata jina hili milimani, alilipata kwenye reggae. Marasta wa Jamaica wana tawi liitwalo Nyabinghi, na ngoma zao za ibada, ile kubwa ya kishindo pamoja na funde na repeater, zinaitwa hivyo hivyo. Jina lilivuka bahari kwa njia ya ajabu. Mwaka 1935, Italia ilipokuwa ikiivamia Ethiopia, gazeti moja la Jamaica lilichapisha makala ya kuwatisha wazungu, ikidai kuna chama cha siri cha watu weusi kiitwacho Nya-Binghi, kinachoongozwa na Haile Selassie na kuapa kuwamaliza wazungu. Ilikuwa propaganda. Wajamaika maskini walioisoma hawakutishika. Walilipenda jina wakalichukua. Kwao likawa na maana ya kuangamia kwa wakandamizaji, weupe kwa weusi.

Kwa hiyo mdogo wangu anapomtazama bintiye anaona jina la kupigania haki, na historia haimkatalii. Mwaka 1910 Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji waliigawana nchi hii yetu ya milima kwenye meza ya mkutano huko Brussels. Mwaka uliofuata, mwanamke aitwaye Muhumuza, aliyekuwa mke wa mfalme Rwabugiri wa Rwanda na mugirwa mwenye sifa kuliko wote, alitangaza kwamba atawafukuza Wazungu. Waingereza walimkamata Septemba 1911, wakampeleka Kampala, wakamweka huko hadi alipofariki mwaka 1945. Miaka 34 mbali na kwao. Walimwogopa kiasi hicho. Mwaka 1912 ikaja sheria ya uchawi, na hapa Kigezi, eneo letu hili la Kabale na Kisoro, ikawa fimbo ya kuwachapia bagirwa. Haikuwanyamazisha: mwaka 1917 watu wa Nyakishenyi waliinuka dhidi ya maajenti wa Kiganda waliowekwa na serikali kuwatawala, na Ntokibiri, yule wa vidole viwili, alizunguka mpakani akipigana hadi alipouawa mwaka 1919. Mwaka 1928 moto ukawaka tena karibu na Kabale yenyewe.

Wakiga hawakuwa na mfalme. Kila ukoo ulikuwa na mlima wake na ugomvi wake na jirani. Jina pekee lililoweza kuwakusanya watu wa koo mbalimbali chini ya sauti moja, tena mara nyingi sauti ya mwanamke, lilikuwa Nyabingi. Nikifika hapo namwelewa mdogo wangu vizuri sana. Ningekuwa na binti, ningetaka ajue kwamba milima anayoiona dirishani iliwahi kumtii mwanamke.

Lakini mdogo wangu husimama hapo, na mama mkwe wake hawezi kusimama hapo.

Kabla Nyabingi hajawa jina la kupigana na Mzungu, alikuwa jina la kutoza jirani. Mugirwa alipokuja kwenye boma, hakuondoka mikono mitupu. Walimpa mbuzi, pombe ya mtama, jembe. Waliokuwa na hofu kubwa zaidi walimpa hata binti yao, akaenda kuishi na kutumika huko. Kukataa kulikuwa kukaribisha ugonjwa, au mtu kuamini hivyo, jambo ambalo kwa mwenye mtoto mgonjwa usiku ni lile lile. Kwa mtu aliyelelewa na wazee waliotoa hivyo vyote, "mwenye vingi" ina maana nyingine: vingi hivyo vilikuwa vyetu.

Ndiyo maana naona si haki kusema, kama mdogo wangu anavyosema, kwamba mama mkwe amejazwa woga na wamisionari. Ni kweli dini ilichangia. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, ulifika Kabale kwa nguvu mwaka 1935 (mwaka ule ule wa ile makala ya Jamaica, jambo ambalo limenishangaza sana), na Walokole walifundishwa kuungama hadharani na kuacha kila kilichohusu mizimu. Lakini watu hawakuacha kwa kuambiwa tu. Wengi waliacha kwa sababu walikuwa wamechoka kulipa. Jina likafa kwa namna ya deni lililofutwa: hakuna aliyetaka kulitaja mbele ya mdai.

Hapo hoja moja ya upande wa mdogo wangu inahitaji kujibiwa kwa makini, maana ni nzuri. Anauliza: mbona Muhumuza ni jina la kawaida? Ni kweli. Leo Muhumuza wako kila mahali magharibi mwa Uganda, wengi wao wanaume, na hakuna mchungaji anayeshtuka akiambiwa ambatize. Kama jina la mugirwa mkuu kuliko wote limesafishika, kwa nini jina la roho yenyewe lisisafishike?

Nimelifikiria hili siku mbili. Naona tofauti mbili. Ya kwanza ni ya lugha: Muhumuza linatoka kwenye kitenzi cha kufariji, kumpumzisha mtu, na kitenzi hicho watu hukitumia kila siku, anayelisikia anasikia faraja kabla ya kumkumbuka mwanamke wa 1911. Ya pili ni nzito zaidi. Muhumuza alikuwa mtu. Aliishi, akafungwa, akafa, na jina la marehemu linaweza kurithiwa. Nyabingi hakuzikwa popote. Kwa wanaomkumbuka hayuko katika kundi la marehemu, yuko katika kundi la wanaoitwa wakaitika. Kumpa mtoto jina hilo, machoni pa bibi yake, ni kuita kila siku, asubuhi na jioni, mlangoni pa nyumba.

Kuna na jambo la desturi ya majina ambalo sisi Waswahili hulisahau. Kwetu mtoto huwa na jina lake, kisha la baba, kisha la babu. Likiwa zito moja, mengine yanalisitiri. Wakiga hawana jina la ukoo la kurithi namna hiyo. Ndugu wanne wa tumbo moja wanaweza kuwa Tumuhimbise, Natukunda, Kobusingye na Tibesigwa, na kila jina linajitegemea na kusema kitu: tumsifu, anatupenda, wa amani, hawaaminiki. Hilo la mwisho, waliloambiwa majirani, ni la mtindo wa zamani. Majina ya kumsifu Mungu yalizidi baada ya ubatizo kuenea. Watu waliozoea kusoma kila jina kama sentensi hawatalisikia Nyabingi kama sauti tamu tu. Watauliza wazazi walitaka kusema nini, na kwa nani.

Upande wa dini yetu niliuliza pia. Kipimo tunachofundishwa ni maana: jina liwe jema, na lisimfanye mtu mtumwa wa asiyekuwa Mungu. Kwa kipimo hicho Nyabingi linapita kwenye maneno na linajikwaa kwenye historia. Halisemi "mtumwa wa" yeyote, linasema mwenye vingi. Lakini lilikuwa jina la aliyeombwa na kutolewa sadaka. Jirani yetu mmoja, mzee mwenye elimu, alisema jina likishasahauliwa ibada yake halina dhambi tena. Huenda ni kweli kwa Kisoro mjini. Ukipanda Kanaba kwenda kwa mama mkwe, halijasahauliwa.

Wapo wanaosema majina hayamfungi mtoto, na wananitajia akina Bi Tabu, Shida na Mashaka wa pwani walioishi maisha mema. Nakubali kwamba hayamfungi. Yanamtambulisha tu, na kujitambulisha ni kazi ya kila siku. Mtoto huyu atafika shuleni, mwalimu atasoma jina, na Mkiga mmoja darasani atarudi nyumbani akamwambie bibi yake. Jina likishaandikwa kwenye usajili wa NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, linaweza kubadilishwa, kwa maombi na tangazo katika Gazeti la Serikali, lakini atakayebeba safari hiyo ni yeye, kwa ajili ya muziki alioupenda baba yake.

Pamoja na hayo yote, sitaki jina hili lipotee. Nasema hivyo kwa moyo wote. Ni jina zuri, ni letu wa milima hii, na inauma kuona linaishi kwenye ngoma za Kingston huku mahali lilipotoka linatajwa kwa kunong'ona. Tukiwaachia Jamaica peke yao, watoto wetu watadhani ni neno la huko. Siku moja binti wa Kigezi ataitwa Nyabingi na atasimama mbele ya darasa aeleze yote mawili, Muhumuza aliyewakabili Waingereza na binti aliyetolewa kwa mugirwa. Natamani niwe hai siku hiyo.

Ila kulirudisha si kazi ya mtu yeyote anayelipenda. Ni kazi ya wale ambao wazee wao walilipa mbuzi. Mdogo wangu si mmoja wao, wala mimi. Mwanamke aliyekata simu ni mmoja wao, na hakuna aliyemuuliza swali hata moja. Tumemletea jina limeshaamuliwa, kama mugirwa alivyoleta madai.

Kwa hiyo nimemwambia hivi. Asimpigie. Apande taksi ya asubuhi, achukue sukari na majani ya chai, akae kwa mama mkwe wake siku nzima kama mkwe mwenye adabu, na amwombe amsimulie jinsi bibi yake yeye mama mkwe alivyoishi enzi za bagirwa. Asitaje jina la mtoto. Mama akilitaja mwenyewe, azungumze. Akisema hapana mara ya pili baada ya kusikilizwa, mtoto ni Kebirungi, na mimi nitakuwa wa kwanza kumwita hivyo. Akisema ndiyo, nitachinja mbuzi wa pili kwa fedha ya duka langu.

Ameondoka leo saa kumi na mbili. Akika ni Ijumaa.