Nikabu yenye logo ya Nike: picha za Hassan Hajjaj zinaongea na nani?

Wengi wamezikuta hizi picha bila kujua ni za nani: wadada wa Marrakech juu ya pikipiki, nikabu usoni, miwani ya jua, nguo zimejaa logo za Nike na Louis Vuitton, wanakukazia macho kama wanakuuliza una shida gani. Mpiga picha ni Hassan Hajjaj, Mmoroko aliyezaliwa Larache 1961 akahamia London akiwa kijana mdogo, na mfululizo wenyewe unaitwa 'Kesh Angels ('Kesh ni kifupi cha Marrakech).

Wanaomsifia wana hoja nzito. Ufaransa ilipitisha sheria ya kukataza kufunika uso hadharani 2010, na kwa Wazungu wengi mwanamke wa nikabu alikuwa ama mnyonge wa kuokolewa ama mtu wa kuogopwa, basi. Hajjaj ameshasimulia alivyokuwa kwenye kazi ya picha za fasheni hapo Marrakech, akaona mamodo, nguo, wapiga picha, wote wametoka nje na Moroko imebaki ukuta wa nyuma tu, ndo akaamua watu wa kwao wakae mbele. Na pale Marrakech mwanamke kuendesha pikipiki ni jambo la kila siku, anaenda zake kazini au sokoni, kwa hiyo mshangao wote ni wa mtazamaji.

Upande wa pili wanauliza: kwani Mwislamu mpaka avae Nike ndo aonekane binadamu? Halafu 2017 Nike wenyewe wakatangaza hijabu ya michezo, yaani kilichokuwa swali la msanii kikawa bidhaa dukani.

Mimi hapo nakubali nusu. Logo nyingi kwenye zile nguo ni feki, vitambaa vya sokoni, hakuna aliyeomba ruhusa kampuni, na fremu zake anazipanga makopo na vipakti vya dukani vyenye maandishi ya Kiarabu, kwa hiyo anaonyesha biashara ya dunia ilishaingia majikoni kwa watu kitambo na wao wanaitumia wanavyotaka. Kinachoniuma ni kingine. Karima, mmoja wa hao wadada, ni mchora hina wa Jemaa el-Fna, ule uwanja mkubwa wa Marrakech, analisha familia kwa kazi hiyo, na Hajjaj alimtengenezea filamu 2015 inayofuata siku yake, lakini kinachosambaa mtandaoni ni picha tupu bila jina lake wala kazi yake. Kila makumbusho inayotundika hizi picha ingeandika pembeni huyu ni nani na anaishije, kwa herufi kubwa, kabla watu hawajaanza kubishana kuhusu Nike.