Kabla ya kumwita mwenzako kishoka, pima kwanza

Swali lilikuwa la kawaida kabisa. Mtu kaweka picha tatu kwenye grupu la mafundi wa sola: paneli ya wati 300 juu ya bati, betri ya Ah 200 sakafuni, na kiboksi cha bluu ukutani, ile kontrola inayopitisha chaji kutoka paneli kwenda betri. Chini kaandika, "Wakuu, betri haijai, tatizo nini?" Jibu la kwanza likatua kabla picha ya tatu haijafunguka: "Paneli feki hiyo, umepigwa." La pili likatoka kwa anayeuza paneli za aina hiyo: "Feki ni wewe, kishoka mkubwa," yaani fundi wa kubahatisha asiye na leseni. Kuanzia hapo ikawa nani kasoma chuo cha ufundi VETA, nani ana leseni ya umeme ya EWURA, nani alikuwa ananyonya wakati mwenzake anafunga sola, na mama wa mtu akaingizwa. Meseji zikapita mia. Multimita, kile kipimo cha volti, haikutajwa hata mara moja.

Hilo la mwisho ndilo linaloniudhi. Matusi tumeyazoea.

Tuipige ile kazi hesabu. Paneli ya wati 300 ya seli 60, ikiwa kazini, inatoa kama volti 32 na amp 9 na kidogo. Kile kiboksi ni PWM, kontrola ya aina rahisi, na maandishi yanasomeka ukiikuza picha. PWM haijui kugeuza volti za ziada kuwa amp. Inaiunganisha paneli na betri moja kwa moja, betri inaishusha paneli hadi kwenye volti zake, tuseme 13, na amp zinabaki zilezile 9. Tisa mara 13 ni wati 117. Zaidi ya nusu ya paneli haijawahi kuingia kwenye betri, na hakuna aliyeiiba. Kwa saa 5 za jua zuri unapata Ah 45 (amp 9 mara saa 5) kwa siku, na betri ni ya Ah 200. Ikiwa tupu, itachukua siku nne na ushee, tena bila mtu kugusa swichi ya TV.

Kwa hiyo paneli ni nzima, na mteja kweli kapigwa. Kapigwa kwenye kuoanisha vitu: kwa betri ya volti 12, PWM inaendana na paneli ya seli 36, ile yenye volti 18 hivi kazini. Ya seli 60 inataka MPPT, kontrola inayojua kugeuza volti za ziada kuwa amp. Wale mabwana wawili kila mmoja alishika kipande cha ukweli, wakakigeuza rungu.

Na boksi kuandikwa MPPT si ushahidi wa kitu. Soko limejaa PWM zenye kibandiko cha MPPT. Saa sita mchana, betri ikiwa haijajaa, pima volti kwenye vituo vya paneli pale pale kwenye boksi, likiwa linachaji. Ukisoma 13 na kitu, karibu sawa na betri, hiyo ni PWM hata kama imeandikwa MPPT kwa herufi za dhahabu. Ukisoma karibu 30, ni MPPT ya kweli. Mwenye klampu mita, ile inayobana waya, apime na amp pande zote mbili: kwa MPPT, amp zinazokwenda kwenye betri huzidi zinazotoka kwenye paneli. Ila hakikisha klampu yako inapima DC, umeme wa paneli na betri, kwa sababu nyingi za bei nafuu zinapima AC tu, ule wa gridi, zitakupa sifuri na wewe utakuja kutuandikia kwamba waya umekatika.

Kipimo hicho kinachukua dakika mbili. Ugomvi ulichukua siku mbili.

Wanaosema tatizo la magrupu yetu ni malezi, sidhani kama wamesoma meseji kwa mpangilio. Ukisema "paneli feki" bila namba, mezani umeweka maoni yako peke yake. Aliyeuza hana kipimo cha kukipinga. Anachoweza kukipinga ni wewe, elimu yako, na kazi uliyoharibu mwaka juzi Mbagala. Utakuwa umemlazimisha agombane na mtu. Lakini ukiandika, "Pima volti za paneli boksi likiwa linachaji, tutajie," umempa kazi ya mkono. Akirudi na 13.4 hakuna wa kumtukana, kwa maana 13.4 haina kabila wala cheti. Hata yule muuzaji anaweza kurudi nyuma bila aibu, aseme "sawa, tubadilishe kontrola," na biashara yake ikabaki salama. Mtu mzima ukimwachia mlango wa kutokea atautumia. Ukimbana ukutani mbele ya watu mia tisa, na wateja wake wamo humo, atapigana hata akijua amekosea. Mngefanya hivyo hivyo ninyi.

Muulizaji naye hana kinga. "Betri haijai" si swali, ni malalamiko. Tupe kilichoandikwa nyuma ya paneli, hasa Voc (volti zake bila mzigo) na Imp (amp zake ikiwa kazini). Tupe aina ya betri, maana ya maji, ya jeli na ya lithiamu hazichajiwi kwa mpangilio mmoja, na lithiamu ukiiachia ile "equalize" ya betri za maji, chaji ya volti za juu kupita kawaida, unaitafutia kifo. Tupe volti za betri baada ya kupumzika saa kadhaa bila chaji wala mzigo: kwa betri ya risasi, 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, 11.8 imekwisha. Ukipima jua likiwa kali ukatuletea 13.8 ukisema "imejaa lakini haikai", hapo umepima chaji, hujapima betri. Na tupe urefu na unene wa waya. Waya wa shaba wa milimita 4 za mraba, mita 10 kwenda na 10 kurudi, ukipitisha amp 20 unameza karibu volti 2. Kwenye mfumo wa volti 12 hiyo ni kama sehemu moja ya sita, imeishia kupasha joto plastiki. Nimeona magrupu yakivunjika juu ya "inveta mbovu" ambayo kosa lake lilikuwa waya wa kengele.

Vois noti ya dakika sita kujibu swali la volti: hapana. "Njoo inboksi" baada ya watu ishirini kusubiri jibu: sema tu unauza. Skrini shoti yenye jina na namba ya mteja: kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mteja naye ana simu.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuna siku ukali unahitajika. Mtu akituma picha ya breka ya AC kaiweka kwenye waya wa paneli zilizoungwa mfululizo, volti 150 za DC, halafu kaandika "kazi safi", upole haumsaidii aliyelala chini ya paa lile. Umeme wa AC wa hezi 50 unapita sifuri mara 100 kwa sekunde, ndipo cheche inapokufa. DC haipiti sifuri. Breka ile ikijaribu kukata, cheche inaweza kubaki ikiwaka ndani mpaka plastiki iyeyuke. Mwambie azime leo, kwa herufi kubwa ukitaka. Lakini angalia: hata hapo kinachomtisha ni cheche. Neno "mjinga" haliongezi hata volti moja.

Halafu wapo wanaojitetea kwa Linus Torvalds, mwanzilishi wa programu ya Linux, eti mbona naye alikuwa anatukana na Linux ikasonga. Yule alikuwa ameusoma msimbo wa programu anaoutukana, mstari kwa mstari, jambo ambalo ninyi hamjafanya hata kwa kibandiko cha boksi. Na Septemba 2018 mwenyewe aliomba radhi hadharani, akakaa pembeni kwa wiki kadhaa. Mwongozo wa adabu za intaneti wa Oktoba 1995, RFC 1855, ulishasema ukiwa na hasira ulale kwanza ndipo ujibu, na ukiingia kwenye grupu usome mwezi mmoja au miwili kabla ya kuandika. Sisi mtu anaingia saa tatu, saa tatu na robo kashamfundisha kazi aliyemkuta.

Yule mwenye betri katoka. Siku hizi WhatsApp inawaonyesha maadmin tu mtu akitoka, kwa hiyo wengi hawakuona. Jina lake liko kwenye orodha ya waliotoka. Wale wawili walikuwa bado wanagombea paneli yake.