Bomba la maji si la upepo

Bati la jiko letu hapa Tororo, Uganda, lina tundu la ukubwa wa kidole gumba. Mvua ikinyesha linavuja moja kwa moja kwenye figa, na mke wangu haniachi nikasahau nani alilitoboa. Nilitoboa mimi, kwa kipande cha bomba la plastiki, siku niliyojiona nimekuwa fundi.

Ugonjwa wangu ni upepo. Utotoni nilikuwa nikitumwa sukari naishia kwa fundi pancha, nakaa kwenye ringi kuukuu kusikiliza kompresa ikikoroma hadi inazima yenyewe. Ukubwani nikajitengenezea mzinga wa upepo wa kurushia viazi, hivi tunavyoviita airishi. Bomba la maji, gundi ya mafundi bomba, valvu niliyoikata kwenye tyubu ya baiskeli. Kwa majuma mawili nilikuwa mfalme wa mtaa. Kiazi kilikuwa kinapotea angani, watoto wanakimbia kukitafuta kwenye mihogo ya jirani.

Bomba lilikuwa limeandikwa PN 10, yaani linabeba shinikizo la baa 10. Mimi nilikuwa najaza 4. Nikajiambia sijafika hata nusu, wasiwasi wa nini?

Jumamosi moja nikauacha mzinga uani tangu asubuhi. Mchana nikauchukua, ukiwa wa moto mkononi, nikaanza kupampu. Mpwa wangu alikuwa amechuchumaa pembeni, nikamtuma akalete kiazi. Hakuwa amefika mlangoni. Sikusikia upepo ukivuja wala bomba likilia kwanza. Ulikuwa mlio mmoja mkavu, kama kibao cha shule kilichopigwa sakafuni, halafu kimya. Pampu ilibaki mkononi mwangu. Pale alipokuwa amechuchumaa mtoto, ukutani palikuwa na vipande vitatu vyenye ncha vimechoma udongo vikasimama. Cha nne ndicho kilichopitia bati.

Nilichojifunza baada ya hapo ningekijua kabla kama ningeuliza. Ile baa 10 imeandikwa kwa ajili ya maji, tena maji ya nyuzi 20 hivi. Maji hayabanwi. Bomba lenye maji likipasuka, tone kidogo linaruka, nguvu imekwisha. Upepo unabanwa, na ukibanwa unatunza kila jasho ulilolimwaga kwenye pampu. Lita 2 za upepo kwa baa 4 zinabeba nguvu karibu sawa na mfuko wa saruji wa kilo 50 unaoanguka kutoka kimo cha mtu. Sisi wa Tororo, mji wa kiwanda cha saruji, mfuko wa saruji hatuhadithiwi. Jiulize kama ungeuning'iniza juu ya kichwa cha mpwa wako kwa gundi.

Halafu jua. Plastiki hii inalegea kadiri inavyopata joto. Kwa viwango vya Marekani, ikifika nyuzi 60 unaihesabia chini ya robo ya uwezo wake. Na jua lilelile, likiipiga miezi na miezi, linaifanya kavu, ya kuvunjika kama kigae badala ya kuchanika. Hukohuko Marekani, idara ya usalama kazini ilionya viwanda tangu 1988 visipitishe hewa ya kubanwa kwenye mabomba haya. Kibaya zaidi, kipande cha plastiki kikiingia mwilini hakionekani kwenye eksirei kwa urahisi kama chuma.

Najua kuna atakayesema, "Mimi nautumia mwaka wa pili, haujanifanya kitu." Hata wangu haukunifanya kitu, mpaka siku ile. Kila ukijaza na kuachia unalichosha bomba, na ufa wa kwanza hauonekani kwa macho. Na wala si plastiki peke yake. Huko Delaware, jimbo la Marekani, walikuwa na mashindano ya kurusha maboga tangu 1986, mizinga ya upepo ya chuma, mirefu kama lori, ikituma boga zaidi ya mita 1,400. Mwaka 2016 kipande cha mzinga mmoja kiliruka kikamjeruhi vibaya mama mmoja wa kikosi cha televisheni. Wale walikuwa na mafundi na uwanja mzima. Mimi nina ua wenye kuku.

Kwa hiyo mzinga nimeuacha, upepo sijauacha. Siku hizi narusha chupa za soda. Chupa ya soda, tofauti na ile nyepesi ya maji ya kunywa, imetengenezwa kubeba gesi. Soda yenyewe ikikaa kwenye joto letu inaisukuma kwa baa kadhaa kabla hujaigusa. Unaweka maji theluthi, unaziba, unaigeuza mdomo chini juu ya stendi yake ya kurushia, unajaza kwa pampu ya baiskeli yenye geji na mpira mrefu, unavuta kamba ukiwa mbali. Maji yanatupwa chini, chupa inakwenda juu. Sivuki baa 3, na iliyokunjika au kuchubuka naitupa. Anayetaka kuona mwanasayansi Newton alikuwa anasema nini aje aloane nasi.

Kuna jambo jingine ambalo wenzetu wa nchi nyingine hawalifikirii. Baada ya mabomu ya Kampala ya 2010 na yale ya Novemba 2021, bomba lililofungwa tepu na lenye geji si kitu cha kutembea nacho barabarani Uganda hii. Huna maelezo ya kumpa askari yatakayomridhisha haraka. Chupa ya soda yenye mabawa ya boksi inamchekesha. Hata hivyo nilikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, nikamwonyesha.

"Hiki ndicho kilichotoboa bati lako?" akauliza.

"Hapana, mzee. Kile nimekikata kwa msumeno."

Akataka kuiona ikiruka. Tukaenda uwanja wa shule, nikamwomba asimame nyuma ya mstari pamoja na watoto. Akasimama, kofia mkononi. Chupa ikapaa, ikapinda kwa upepo, ikatua juu ya mwembe. Bado iko huko. Mwenyekiti amenitumia salamu mara mbili akiuliza tunarudi lini.