"Mimi naitwa nani humu?"

Juzi mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alirudi nyumbani na elfu thelathini mfukoni na bega limechubuka. Watu wa filamu walikuwa wamekuja hapa Bagamoyo kuigiza misafara ya zamani. Wakakusanya wavuvi pale soko la samaki, wakawafunga shuka viunoni, wakawatwika pembe za ndovu za bandia. Kabla ya kuanza dogo akauliza, "Mimi naitwa nani humu?" Akajibiwa, "Huitwi. Wewe beba tu, na uangalie chini."

Neno hilo limenikaa kooni.

Bwana mkubwa wa msafara kwenye filamu hiyo ana jina, ana cheo, ana mke aliyemwacha kwao, na usiku anakaa mbele ya moto akijutia aliyoyatenda. Sawa, ajute. Lakini sisi tuliotendwa tumegeuzwa kuni za moto wa majuto yake.

Mambo haya hayakuanza leo. Carl Peters, yule aliyeanzia safari Saadani mwaka 1884 na kurudi na mikataba ya kujitwalia nchi, alifukuzwa kazi na Wajerumani wenzake mwaka 1897 kwa sababu ya watu aliowanyonga kule Kilimanjaro. Mwaka 1941, chini ya Hitler, ikatoka filamu ya kumtukuza. Aliyeigiza mwongoza njia wake ni Mtanganyika, Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyekuwa askari wa Wajerumani akiwa bado mtoto na baadaye akafundisha Kiswahili Berlin. Humo alipewa jina, Ramasan, ila la kumtumikia Peters. Mwaka huohuo wakamkamata kwa kosa la kuwa na mwanamke wa Kijerumani. Akafia kambi ya mateso ya Sachsenhausen, karibu na Berlin, Novemba 1944. Uso wake waliuhitaji kwenye filamu, maisha yake hawakuyataka.

Sisemi tutengenezewe filamu ambazo kila mtu wetu ni shujaa. Kinachoniuma zaidi ni kwamba tunanyimwa hata dhambi zetu. Enzi za Wajerumani, kiboko cha hamsa ishirini, yaani mapigo ishirini na tano, kilishikwa na nani? Askari mweusi, mara nyingi mbele ya akida, mtawala mdogo aliyewekwa na Wajerumani, anayejua Kiswahili kama mimi. Askari huyo jioni alirudi nyumbani, akanawa mikono, akakaa mkekani. Mkewe alimuuliza nini? Alipomwona shemeji wa mtu aliyemchapa, alimwamkiaje? Hiyo ndiyo filamu ninayoitaka, kwa sababu mtu anayeweza kuulizwa "kwa nini ulifanya?" ni mtu kamili. Kwenye filamu zao askari ni mkono tu, amri inatoka kwa mwingine na lawama inakwenda kwa mwingine. Pale ufukweni tuna jiwe la kumbukumbu ya walionyongwa na Wajerumani. Kila nikipita nawafikiria waliokufa, na siku hizi namfikiria pia aliyevuta kamba.

Na sisi wenyewe tusijitoe. Dada wa kazi kwenye filamu zetu za Bongo anatoka kijijini, ni mweusi tii, na hana akili. Nani alituamuru?

Nitakubali jambo moja, shingo upande: bahari ilikuwa imechafuka wiki nzima, na elfu thelathini ile imenunua unga. Simlaumu dogo. Kuangalia chini hakukuwa uamuzi wake.

Jana wametumiwa kipande cha video kwenye simu. Sura yake haimo hata kidogo. Unaona mkono umeshika pembe, basi. Mama mdogo akaomba kirudishwe nyuma, akakisimamisha kwa kidole, akasogeza simu karibu na taa. Alikuwa ameona kovu la mshipi kwenye kidole gumba. Akamwita mumewe kutoka uani: "Njoo umwone mwanao."