Siku niliyoiua FIFA Busia

Kwanza nijitetee. Mimi sikusomea uandishi wa habari. Nilipewa ubao na kipande cha chaki, basi.

Ubao wenyewe ulikuwa wa Hajji, kama kila kitu pale bandani: PlayStation mbili, televisheni mbili, mabenchi matatu na kijana mmoja wa kukusanya hela, yaani mimi. Banda liko Busia upande wa Uganda, nyuma ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Kenya. Mechi ya FIFA, ile gemu ya mpira, ilikuwa shilingi 500 na anayefungwa ndiye anayelipa. Hajji alitaka niandike bei tu. Lakini bei haibadiliki, na ubao ulikuwa mkubwa.

Basi mwanzoni mwa 2022 nikaanza kuandika habari za gemu. Nilizitoa Facebook. Huku kwetu Facebook ilikuwa imefungwa tangu Januari 2021, ila mtu wa Busia hahangaiki na VPN, ile programu ya kukwepa kufungiwa. Laini ya Kenya inashika hadi chooni. Februari, kampuni ya Rockstar ilipotangaza kwamba kazi ya kutengeneza gemu mpya ya GTA inaendelea vizuri, mimi nikaandika GTA 6 TAYARI! Watu watatu wa boda wakaja na hela mkononi. Nikawaambia imekwama forodhani. Mtu wa Busia ukimwambia kitu kimekwama forodhani haulizi tena, anakupa pole.

Zikaja picha za eFootball, ile gemu iliyokuwa ikiitwa PES kabla Konami haijaibadilisha jina. Ilipotoka, sura za wachezaji zilikuwa kama za watu waliochokoza mzinga wa nyuki. Picha zilikuwa za Septemba 2021, mimi nimezipata Machi, ubaoni nikaandika LEO: MESSI AVIMBA USO! Mama anayeuza matoke akasimama, akasoma, akajishika shavu.

"Maskini. Ni jino?"

Nikasema madaktari bado wanachunguza.

Hivyo ndivyo nilivyonogewa. Nikawa nimeshajua kwamba alama moja ya mshangao huleta watu wawili, na tatu huleta foleni.

Tarehe 10 Mei 2022, usiku, nikiwa na bando la kuunga kwa mate, nikaona habari imeanza kufunguka: EA, kampuni inayotengeneza gemu ya FIFA, na FIFA yenyewe, shirikisho la mpira la dunia lenye jina hilo, wanaachana baada ya karibu miaka 30. Mstari mmoja huo. Chini yake kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, bando likakata roho. Mwenye akili angenunua jingine. Mimi nikatafuta chaki.

FIFA IMEKUFA!!! CHEZA KABLA HAIJAZIMWA!!!

Hilo la kuzimwa sikulisoma popote. Lilitoka kwenye chaki lenyewe.

Asubuhi nilikuta watu wameshajaa mlangoni. Kulikuwa na wanafunzi wenye sare walioambiana kwamba mwalimu ataelewa. Kulikuwa na kijana aliyetaka kujua Arsenal yake, aliyoihangaikia msimu mzima, itapelekwa wapi. Dereva mmoja wa lori, aliyekuwa na siku tatu akisubiri karatasi zake, aliishika padi juu chini, kwa heshima, kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe. Nikamuuliza kama amewahi kucheza.

"Hapana," akasema. "Lakini jirani akifiwa, huendi?"

Nikafupisha mechi. Nikapandisha bei hadi 1,000. Jioni nikahesabu zaidi ya 90,000, na siku ya kawaida tukifika 40,000 tunashukuru Mungu. Moyoni nikaanza kupanga nitakavyomwomba Hajji anipandishie mshahara.

Hajji mwenyewe alikuwa Kampala. Alikwenda na akiba ya miezi sita kununua PlayStation mbili za kuongeza. Saa kumi na mbili akanipigia, sauti imemkauka.

"Kijana, umesikia?"

"Nini, Hajji?"

"FIFA imekufa! Nimetumiwa picha na mtu wa Mbale, naye ametumiwa na mtu wa Tororo."

Jasho likanitoka. Hapo ndipo pa kusema kweli, najua, msinihukumu. Badala yake nikajikuta nauliza kama mtangazaji wa redio:

"Chanzo ni cha kuaminika, Hajji?"

"Imeandikwa ubaoni! Nani anaandika uongo ubaoni? Si ndiko watoto wanakosomea?"

Kabla sijapata la kujibu akakata. Nikapiga, simu imezimwa. Nikapiga usiku kucha.

Kesho yake mchana taksi ikasimama mbele ya banda. Hajji akashuka, kisha akashushiwa sanduku la vioo lenye paa jekundu na sufuria inayoning'inia katikati. Nikalizunguka mara mbili. Ilikuwa mashine ya bisi.

"Gemu imekwisha," akasema. "Nimewahi. Tutauza bisi."

Kisha akaiona foleni, ambayo kwa siku ya pili ilikuwa imefika hadi kwa mchoma chapati.

"Na hawa?"

"Wanaaga, Hajji."

Akawasikitikia. Akatoa simu ili awaonyeshe waombolezaji ile picha, wapate kujua kwamba msiba ni wa nchi nzima. Akaikuza kwa vidole viwili. Chini ya ubao, pembeni kabisa mwa picha, palikuwa na maandishi ya rangi nyekundu: USIKOJOE HAPA FAINI 20,000. Sifuri ya mwisho ilikuwa imelala ubavu, kwa sababu siku ile brashi ilikuwa imeisha rangi. Hajji akatazama simu. Akatazama ukuta. Akarudi kwenye simu.

"Sifuri hii," akasema polepole, "niliichora mimi."

Bandani kukawa kimya, zikabaki kelele za watazamaji wa mpira wa kwenye televisheni. Kilichonimaliza si Hajji, ni mtoto mmoja wa Senior Two aliyenyoosha kidole kana kwamba yuko darasani. Yeye alikuwa ameisoma habari yote, hadi mwisho, kwa simu ya kaka yake. Hakuna kilichokufa, akasema. EA wametengeneza gemu hiyo kwa jina la FIFA tangu 1993, sasa wameshindwa kuelewana na wenye jina juu ya mkataba mpya. FIFA 23 itatoka mwaka huu kama kawaida. Kuanzia 2023 itaitwa EA Sports FC. Wachezaji zaidi ya 19,000 na timu 700 wanabaki, maana hao wana mikataba yao mbali. Na CD mliyonayo hakuna wa kuizima.

"Ni kama basi," akamalizia. "Wamefuta maandishi ya ubavuni. Dereva ni yule yule."

(Ndivyo ilivyokuwa. Septemba 2023 ikatoka EA Sports FC 24, Haaland kwenye jalada, na hadi leo mteja akiingia anasema, "Niwekee FIFA.")

Vichwa vyote vikanigeukia. Dereva wa lori akadai 4,000 zake, akaziita rambirambi. Kijana wa Arsenal alikuwa akilia, nadhani kwa furaha. Hajji hakunipiga. Aliketi juu ya benchi akaikumbatia mashine yake, akauliza tu, bila kumtazama mtu, kama kuna anayejua duka la Kampala linalopokea vitu vilivyorudishwa.

Adhabu yangu ilikuwa kufuta ubao na kuandika ukweli. Nikauandika kwa herufi ndogo, bila mshangao hata mmoja: FIFA haijafa. Mkataba wa jina tu ndio umekwisha. Ukweli huo ulikaa siku nne, hakuna hata mmoja aliyesimama kuusoma. Siku ya pili mbuzi wa jirani alilamba "haija", ikabaki FIFA fa, na bado hakuna aliyeshtuka. Wateja walikuwa wamechoka na hela zimewaishia. Bisi zikawa tunakula wenyewe, asubuhi na jioni, na chai.

Siku ya tano Hajji akasimama mlangoni muda mrefu akitazama barabara. Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu, akanipa kipande cha chaki.

"Andika: Leo ndiyo siku ya mwisho."

"Ya mwisho ya nini, Hajji?"

Akanitazama kama fundi anavyomtazama mwanagenzi asiyejua hata kushika nyundo.

"Usimalizie," akasema, akaenda kuwasha mashine.