Babu, mjukuu na banjo: picha ya Tanner inawatetea weusi au inawadhalilisha?

Babu ameketi, mjukuu amesimama katikati ya magoti yake kaikumbatia banjo inayomzidi ukubwa. Mkono wa mzee umeishikilia shingo ya ala ili uzito usimwelemee mtoto. Kazi ya kupapasa nyuzi ameachiwa mwenyewe. Hakuna anayetutazama sisi. Wote wameinamia vidole vile vidogo kama watu wanaotoa mwiba.

Hiyo ni "Somo la Banjo" ya mwaka 1893, kazi ya Henry Ossawa Tanner, Mmarekani mweusi aliyekuwa akiishi Paris, akarudi Philadelphia kwa muda baada ya kuugua homa ya matumbo.

Wanaoitilia shaka wana hoja nzito. Enzi hizo banjo ilikuwa chombo cha kejeli: wazungu wa Marekani walijipaka masizi usoni, wakapanda jukwaani nayo kumwigiza mtu mweusi kama zuzu mcheka ovyo. Kwa nini basi mchoraji mweusi aichore ala ileile? Tena Tanner hakukulia katika kibanda cha maskini kama hiki cha pichani. Baba yake alikuwa askofu, mtu wa vitabu. Picha yenyewe mfadhili mzungu, Robert Ogden, aliitoa kwa chuo cha Hampton, Virginia, kilichojulikana kwa kuwafundisha weusi kazi za mikono. Ukiitazama hivyo, unaona umaskini uliosafishwa ili usiwaudhi wenye fedha.

Nakubali nusu. Mama yake Tanner alizaliwa mtumwa, kwa hiyo kibanda kile hakikuwa mbali naye kama inavyodhaniwa. Na mwenyewe alilalamika kwamba wengi waliowachora weusi waliona kichekesho tu, wasione utu. Lakini jibu lake zuri zaidi limo kwenye neno "somo". Wale wa masizi walitaka tuamini kwamba mweusi huzaliwa na muziki mwilini, hahitaji kufunzwa. Mtoto huyu hajui. Anakosea, anarudia, na anayemsahihisha ni mzee ambaye kwa umri wake alizaliwa kabla utumwa haujafutwa mwaka 1865. Ala yenyewe chimbuko lake ni Afrika Magharibi, na hapa inapita kutoka mkono hadi mkono, bila jukwaa wala mtazamaji. Nyuma yao kuna meza yenye kitambaa cheupe, sakafuni vyombo vya kupikia, na mwanga wa moto ambao wenyewe hatuuoni. Mwenye kutaka kuchekesha asingehangaika na kitambaa kile.

Kinachonikera mimi ni kingine. Mwaka 1894 alichora "Maskini Wenye Shukrani", mzee na mtoto wakisali mezani, kisha akayaacha karibu kabisa maisha ya nyumbani ya weusi. Akahamia kwenye visa vya Biblia, na Wafaransa wakampenda kwa hivyo. Angechora kumi za namna hii, banjo ingekuwa kitu kimoja tu kati ya vingi vya nyumba zile. Zinazotajwa kila mara ni hizo mbili, ndiyo maana tunaigombania hii moja.